Kitu na Jina Lake: Watoto wa Kitui na Makueni katika Jumba la Makumbusho

1. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi huliuliza kila andiko maswali mawili ya msingi: linasema nini, na linakisema kwa namna gani. Maswali hayo, la maudhui na la fani, ni nadra kuelekezwa kwa jumba la makumbusho, ingawa jumba hilo nalo ni andiko. Lina watunzi wake, ambao ni wale wanaochagua kitakachowekwa hadharani na kitakachobaki ghalani. Lina mpangilio wenye mwanzo na mwisho. Lina msamiati uliopokewa na mwingine uliokataliwa. Aidha, lina wasomaji wake. Na miongoni mwa wasomaji hao hakuna wenye sauti ndogo kuliko wanafunzi wa shule za msingi, ambao hushushwa basini, hupangwa mistari, hupitishwa mbele ya vioo kwa saa chache, kisha hurudishwa makwao kabla ya giza kuingia.

Makala haya yanakusudia kuihakiki ziara ya namna hiyo kwa kuwaangalia watoto wa Kitui na Makueni, wilaya za zamani za Ukambani ambazo tangu 2013 zinaendeshwa kama kaunti zenye serikali zake. Watoto hawa wamechaguliwa kwa sababu maalumu. Wanatoka katika jamii ambayo kazi za mikono yake, yaani vyondo, vinyago, vibuyu na viti vilivyotiwa nakshi ya waya, zimetapakaa duniani na kuwekwa katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Mtoto wa Kitui aingiapo katika jumba la sanaa si mgeni wa kitu anachoonyeshwa. Hata hivyo hupokewa kama mgeni, na mara nyingi hutoka humo akiwa mgeni zaidi kuliko alivyoingia.

Hoja kuu ni kwamba kasoro ya ziara hiyo si ya bajeti wala ya basi. Ni kasoro ya lugha. Jumba la makumbusho hukitenga kitu na jina lake. Na mtoto aliyekuja na jina hilo kinywani hujifunza kulimeza.

2. Neno "makumbusho"

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Lugha nyingi za Ulaya zimerithi jina la jumba hili kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa mahali pa miungu wa kike wa sanaa na elimu. Kiswahili hakikulifuata jina hilo. Kilikichukua kitenzi kumbuka, kikakitia katika kauli ya kutendesha kikapata kumbusha, kisha kikaunda nomino makumbusho. Maana iliyomo humo ni nzito. Makumbusho ni kitu kimkumbushacho mtu jambo. Na hakumbushwi mtu ila jambo alilopata kulijua. Kwa hiyo neno la Kiswahili humtaka mtazamaji awe na ujuzi wa awali. Humpa sehemu katika kazi ya jumba, kwa kuwa bila ya kumbukumbu yake kitu kilichowekwa hakina cha kukumbusha.

Historia ya jumba la Nairobi ilianza kinyume cha maana hiyo. Lilipofunguliwa mwaka 1930 liliitwa kwa jina la Robert Coryndon, aliyekuwa gavana wa koloni tangu 1922 hadi 1925. Halikujengwa ili kumkumbusha Mkamba chochote. Lilijengwa kwa ajili ya jicho lililotaka kuifahamu nchi iliyotawaliwa: ndege wake, wanyama wake, mawe yake na watu wake. Baada ya Uhuru lilifanywa Makumbusho ya Taifa, na baada ya ukarabati mkubwa lilifunguliwa upya mwaka 2008. Mabadiliko hayo ni makubwa na yanastahili sifa. Lakini kubadili jina la jumba ni jambo moja, na kumbadili msomaji ambaye jumba lilimkusudia ni jambo jingine.

Mfano mmoja wabainisha tofauti hiyo. Miongoni mwa hazina za jumba hilo mna picha za watu wa jamii za Kenya zilizochorwa na Joy Adamson kwa agizo la serikali ya kikoloni lililotolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Nia yake ilikuwa kuhifadhi sura ya mavazi na mapambo yaliyodhaniwa kuwa yako njiani kutoweka. Picha hizo zina ustadi na zina faida kwa mtafiti wa mavazi. Lakini yafaa kutambua msimamo wa mchoraji: aliyeketi mbele yake alikuwa mzima, akipumua, akiwa na shamba na wajukuu, na papo hapo akachorwa kama mtu anayeaga. Tangu siku hiyo picha yake husomwa kwa wakati uliopita.

3. Kiambishi -li-

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza waziwazi. Achukuliwe mtoto wa darasa la nne kutoka Mutomo au Kibwezi. Amesafiri zaidi ya kilomita 100 kufika Nairobi, na pengine ndiyo mara yake ya kwanza kuuona mji huo. Anasimamishwa mbele ya kiondo kilichohifadhiwa nyuma ya kioo. Kiongozi, au mwalimu wake mwenyewe, anasema: "Hiki ni kiondo. Wakamba walikitumia kubebea nafaka." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Hata hivyo ina uongo ndani yake, na uongo huo umekaa katika silabi moja.

Kiambishi -li- hufunga tendo. Humwambia msikilizaji kwamba jambo lilikuwapo nalo limekwisha. Lau msemaji angalisema "Wakamba hukitumia", kiambishi hu- kingaliufungua mlango, na mtoto angaliweza kuingia na ushahidi wake. Maana mtoto huyo ana ushahidi. Asubuhi ile ile, kabla ya basi kuondoka, huenda alimwacha nyanya yake ameketi kivulini akisokota nyuzi za katani juu ya paja. Anajua kwamba kiondo huanzia kitakoni, kikapanda kwa kuzungushwa. Na kwamba mfumaji hodari hahitaji kukitazama ili mikono iende, bali huweza kufuma akitembea kwenda sokoni au akizungumza na wenzake. Huenda amewasikia wazee wakisimulia jinsi nyuzi zilivyotolewa katika magome ya mbuyu kabla ya katani kuenea. Haya yote ni elimu. Lakini yule aliyeambiwa "walikitumia" anafanywa achague kati ya mambo mawili: ama jumba limekosea, ama nyanya yake ni mtu wa zamani ambaye wakati umemsahau nyuma. Mtoto wa miaka tisa au kumi hathubutu kulikosoa jumba kubwa la Nairobi. Humkosoa nyanya yake.

Hiyo ndiyo hasara inayozungumzwa hapa, na si hasara ndogo. Ufumaji wa vyondo haufundishwi kwa kitabu. Hupita kutoka mkono hadi mkono, na hupita tu pale ambapo mdogo huona kuwa kazi ya mkubwa yastahili kujifunzwa. Vyondo vya Ukambani vilipata soko kubwa ng'ambo katika miaka ya 1970 na 1980, na vikundi vya wanawake vilivyojengwa juu ya desturi ya mwethya, yaani kusaidiana kazi, vilifaidika kwa soko hilo hadi viigizo vya viwandani kutoka Asia vilipoanza kulibana. Ufundi uliostahimili mashindano ya mashine waweza kudhoofishwa na kiambishi, iwapo kiambishi hicho kitawafundisha wajukuu kwamba umekwisha kufa.

Jambo la pili ni jina. Katika Kikamba chombo hicho ni kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa umbo la kiondo na vyondo, kikalipa nafasi kando ya kapu, tunga, tenga na pakacha za pwani. Kila moja ya hayo ni chombo tofauti. Kapu husukwa kwa ukili wa milala. Pakacha husukwa kwa kuti bichi la mnazi. Kiondo hufumwa kwa nyuzi zilizosokotwa. Mtoto wa Kitui ambaye angeulizwa "wewe mwaliitaje?" angejibu papo hapo, na mwenzake wa Lamu au Kwale, kama yupo, angeleta neno la kwao. Hapo lingezuka somo la isimu ambalo hata chuo kikuu kingelionea wivu: jinsi maneno yanavyoigawa dunia ya vyombo kwa mujibu wa mimea inayoota mahali. Kinyume cha hayo, katika ziara nyingi maelezo hutolewa kwanza kwa Kiingereza, ambacho kwa mtoto wa kijijini ni lugha ya tatu, na ambacho huviita vyombo vyote hivyo kwa neno moja tu. Kilichokuwa na majina manne au matano hubakia na moja, na hilo moja si la yeyote kati ya waliokitengeneza.

4. Kitendawili kilichoteguliwa kabla ya kutegwa

Wakamba, kama Waswahili, wana desturi ya kutegeana vitendawili. Mwenye kutega husema "Kwata ndai", na mwenzake hukubali kwa kusema "Nakwata". Waswahili husema "Kitendawili!" na hujibiwa "Tega!" Fani hii ina kanuni ambayo walimu wa fasihi simulizi huifahamu vyema: jibu haliji kabla ya swali, na msikilizaji hupewa muda wa kukosea. Kukosea kwake ni sehemu ya starehe na sehemu ya mafunzo. Akishindwa kabisa, kwa Waswahili, hutoa mji, na hapo ndipo huambiwa jibu.

Kitu cha sanaa kilichotengwa na mahali pake ni kitendawili kamili. Kiti kidogo cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa gogo moja na kutiwa waya za shaba zilizogongwa zikawa nakshi, chauliza maswali mengi kwa anayekitazama. Nani alikikalia? Kwa nini fundi alijitaabisha kupamba mahali ambapo mtu atapafunika kwa kukaa? Waya zilitoka wapi? Swali hili la mwisho peke yake lingewafikisha watoto kwenye biashara ya misafara ya karne ya 19, wakati Wakamba walipokuwa wakisafirisha pembe za ndovu hadi pwani na kurejea na bidhaa, na kwenye sifa ya mafundi wao waliojulikana kwa kufua mikufu myembamba. Lakini kibandiko kilicho chini ya kiti huwa kimekwisha kujibu: kiti, mti, Wakamba. Kitendawili kimeteguliwa kabla ya kutegwa. Mtoto hunakili jibu hilo katika daftari, huenda kwenye kioo kinachofuata, na anaporudi darasani ana orodha ya majibu ambayo hayana maswali.

Mtengano huu wa kitu na neno una historia yake, na historia hiyo yapita Ukambani kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 alifika huko mtaalamu wa Sweden, Gerhard Lindblom, aliyechapisha utafiti wake mpana juu ya Wakamba kwanza mwaka 1916, na baadaye akawa mkuu wa jumba la makumbusho ya etnografia mjini Stockholm. Katika miaka ya 1920 na 1930 alichapisha pia majuzuu ya hadithi, vitendawili, methali na nyimbo za Kikamba. Kazi yake ni ya thamani, na wanafunzi wa fasihi simulizi bado wanaihitaji. Lakini utaratibu wa elimu aliyoitumikia uliyapeleka maneno vitabuni na vitu makabatini, kila kimoja katika idara yake. Katika kijiji kitendawili kilitegwa na mtu aliyeketi juu ya kiti. Katika elimu hiyo kiti kiliingia jumba moja na kitendawili kikaingia maktaba nyingine.

Ukubwa wa mtengano huo ulidhihirika hivi karibuni. Mradi wa kimataifa wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na majumba mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt, ulitambua zaidi ya vitu 32,000 vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 matokeo yake yalionyeshwa Nairobi. Jambo la kufikirisha katika maonyesho hayo ni kwamba baadhi ya makabati yaliachwa matupu, ili mtazamaji aone kutokuwapo kwa kitu. Kwa lugha ya kitendawili, mji ulitolewa zamani, na waliopewa mji bado wanautawala. Mtoto wa Makueni ambaye hajaambiwa habari hii hudhani kwamba kilicho katika jumba la Nairobi ndicho chote kilichopata kutengenezwa na babu zake.

5. Sanaa na ufundi

Kasoro nyingine inahusu mpaka uliowekwa kati ya sanaa na ufundi. Neno sanaa limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kazi ya mikono yenye ustadi. Katika Kiswahili cha kale msanii na fundi si watu wawili walioachana. Mfua dhahabu, mchonga milango na mtunzi wa tenzi wote walikuwa na sanaa zao. Mgawanyo wa sanaa ya kutazamwa na ufundi wa kutumiwa uliingizwa pamoja na mitaala na majumba ya kigeni, na hadi leo unatawala namna watoto wanavyoelekezwa wapi pa kustaajabu na wapi pa kupita tu.

Hakuna waliodhurika kwa mgawanyo huo kama wachongaji wa Kikamba. Wamunyu, mji ulioko Machakos katika njia iendayo Kitui, umetambuliwa kwa miongo mingi kuwa chimbuko la biashara ya vinyago, ambayo masimulizi huihusisha na Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji wa namna mpya alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka huko kazi ilienea, na mwaka 1963 wachongaji waliohamia Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe. Twiga, vifaru na vijiko vyao vimeingia nyumba nyingi duniani, lakini milango ya majumba ya sanaa haikuwa mipana kwao. Walihukumiwa kwamba wanarudia umbo lile lile, na kwamba wanachonga kwa ajili ya mtalii.

Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake, na mhakiki mwadilifu hawezi kuificha. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliupinga kwa nguvu uigaji katika sanaa, na aliwatia moyo watoto wachore waliyoyaona na kuyahisi wenyewe. Yafaa msimamo huo uheshimiwe. Hata hivyo kurudia si kuiga daima. Mtambaji wa hadithi hurudia hadithi ile ile, na hakuna mwanafasihi anayemwita mwigaji. Kinachotazamwa ni jinsi anavyoirudia mbele ya hadhira hii, usiku huu. Mtoto wa mchongaji aliyeanza kwa kupiga msasa na kung'arisha kazi ya baba yake anaweza kutambua mkono wa fundi huyu na wa yule katika twiga wawili ambao mtalii huwaona sawa. Jicho la namna hiyo ndilo ambalo jumba la sanaa hudai kulifundisha. Mtoto huyo analo tayari, na hakuna anayemuuliza.

Shule nayo haikusaidia vya kutosha. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliliweka somo la Sanaa na Ufundi katika mtihani wa taifa wa shule za msingi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani. Kisichotahiniwa hakifundishwi, na kwa takriban miaka ishirini ziara ya makumbusho ilibaki tafrija ya mwisho wa muhula. Mtihani huo wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na Mtaala wa Umilisi umerejesha sanaa darasani. Nafasi hiyo ni njema, lakini itapotea endapo ziara zitaendelea kuwa za kunakili vibandiko.

6. Vibuyu vya Kyanika

Haitoshi kubomoa. Ni wajibu wa uhakiki kuonyesha pia kilichofanywa vizuri, na mfano mwema haupatikani mbali, uko Kitui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi cha wanawake cha Kyanika, kwa kushirikiana na watafiti wa Makumbusho ya Taifa na wa taasisi ya kimataifa ya rasilimali za mimea, kilifanya kazi ya kukusanya aina za vibuyu zilizolimwa na kutumiwa na watu wa sehemu hizo. Wanawake hao hawakukusanya maganda peke yake. Walikusanya mbegu, majina, matumizi na masimulizi yanayoandamana na kila aina, na mkusanyiko wao ukawa makumbusho ya kijiji.

Tofauti kati ya mkusanyiko huu na kabati la mjini ni tofauti ya msingi. Kibuyu ni tunda la mmumunye. Mkulima huchagua mbegu akiwa na umbo akilini: hili la shingo ndefu litakuwa kata ya kutekea maji, hili la tumbo pana litahifadhi maziwa au nafaka, hili dogo litawekwa mbegu za msimu ujao. Msanii wa kibuyu huanza kazi yake shambani, na mvua, jua na mbegu ni washiriki wake. Kikivunjika hushonwa, kikichoka hupandwa kingine. Mahali ambapo mbegu ya kitu huhifadhiwa pamoja na kitu na jina lake, kiambishi -li- hakina kazi kubwa. Mtoto haambiwi kwamba watu walikuwa na vibuyu. Hupewa mbegu akapande.

Zaidi ya hayo, wenye kueleza pale walikuwa ndio wenye kujua. Mamlaka ya maelezo hayakutoka kwa kibandiko bali kwa mama aliyekilima na kukitumia kibuyu, naye alisema kwa Kikamba, lugha ambayo sera ya elimu, tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, imekuwa ikipendekeza itumike na lugha nyingine za mazingira ya shule katika madarasa matatu ya kwanza. Kile ambacho sera ilikitaka darasani, na ambacho walimu wengi walikiona kigumu kwa kukosa vitabu, kilipata kitabu chake katika rafu ya vibuyu.

7. Pingamizi

Yaweza kupingwa kwamba hoja hii inawafungia watoto kijijini. Ikiwa mtoto wa Kitui ataonyeshwa vibuyu vya Kitui kwa Kikamba, atajua lini kuwa kuna kiti cha enzi cha Lamu, au kigoda cha Mturkana, au picha iliyochorwa na Mkenya wa leo kwa rangi na turubai? Pingamizi hili ni la haki. Jumba la taifa lina uwezo ambao makumbusho ya kijiji hayana: huviweka pamoja vitu vya watu ambao hawajapata kukutana, na mtoto anayekiona kigoda cha Turkana kando ya kiti cha Ukambani hujifunza jambo juu ya nchi yake ambalo hotuba za siasa hazikuweza kumfundisha. Wala si kweli kwamba kila kitu cha zamani kingali hai. Viko vilivyokwisha kweli, na kwa hivyo -li- ni kiambishi cha haki.

Lakini pingamizi hili halivunji hoja. Huipa umbo lililo bora. Ulinganishi wahitaji pande mbili, na mtoto asiyeruhusiwa kuleta cha kwake hana cha kulinganisha. Hapa ndipo Kiswahili kina wajibu ambao hakuna lugha nyingine nchini iwezayo kuutimiza. Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na papo hapo imeitaka dola ikuze lugha za wananchi zote. Wajibu huo wa pande mbili waweza kuonekana katika kibandiko kimoja: jina la kitu kwa lugha ya waliokitengeneza, likifuatwa na maelezo ya Kiswahili yatakayofahamika kwa mtoto wa Kitui na mwenziwe wa Turkana sawia. Kyondo haitakuwa siri ya Wakamba, wala haitapoteza jina.

8. Hitimisho

Katiba hiyo hiyo imeyaweka makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo Kitui na Makueni hazina haja ya kungojea Nairobi. Chumba kimoja katika shule moja ya Mwingi au ya Wote, chenye vitu vilivyoletwa na watoto wenyewe na majina yake yakaandikwa na watoto wenyewe baada ya kuwauliza wazee, chaweza kuwa dibaji ya safari ya mjini. Darasa lililokwisha kutengeneza makumbusho yake litaingia katika jumba la taifa kama mhakiki aingiavyo katika kitabu cha mwandishi mwenzake. Litajua kwamba kila kilichowekwa kiliwekwa na mtu, na kwamba mtu huyo angeweza kukiweka vingine. Methali yasema: kinyago nikichonge mwenyewe, kisha kinitishe?

Safari nayo isiishie kwenye lango la jumba. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kipimo cha ziara ya watoto hawa si idadi ya vioo walivyopita wala kurasa walizojaza. Kipimo ni swali ambalo mtoto humwuliza nyanya yake jioni, akiwa bado na vumbi la safari miguuni. Akinyamaza kwa sababu amejifunza kwamba kazi ya nyanya ni ya watu wa kale, jumba limeshindwa, hata kama kuta zake ni mpya. Akiketi karibu naye, akashika uzi wa katani, akauliza unaanzia wapi, jumba limestahili jina ambalo Kiswahili kililipa.